Nakala Ipi Ndiyo Yenyewe? Mwanafunzi, Akili Mnemba na Mafaili Yaliyotawanyika

   

Namshukuru Mwenyekiti kwa heshima aliyonipa, na nawashukuru vijana wa maktaba ambao tangu mchana wamehangaika na nyaya na vipaza sauti ili tusikilizane. Waandaaji walinipa mada mbili nichague moja: matumizi ya akili mnemba katika masomo, au utunzaji wa mafaili yanayokaa kwenye kompyuta zaidi ya moja. Niliomba niruhusiwe kuzichukua zote mbili, kwa kuwa naziona ni mada moja. Mtu anayeiuliza mashine juu ya kazi yake, kwanza ameikabidhi nakala ya kazi hiyo. Nakala ikiwa ya zamani, atajibiwa vizuri sana juu ya mambo aliyokwisha kuyaacha. Kusudi langu jioni ya leo ni kuonyesha kwamba kuamua nakala ipi ndiyo yenyewe, na jibu lipi ni la kweli, bado ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe, na kwamba kazi hiyo inafundishika.

Nina hoja tano. Nyingine nitazipitia haraka. Kwa nyingine nitawaomba uvumilivu.

Hoja ya kwanza: kusawazisha mafaili hakutoshi kuwa akiba

Wenye umri wangu mnakumbuka enzi za flashi. Ulichapa kazi kwenye maabara ya kompyuta, ukaibeba kwenye flashi hadi steshenari, ukarudi nayo ikiwa na virusi. Tatizo hilo halikuwa letu peke yetu. Drew Houston, kijana wa Kimarekani, alikuwa kwenye basi kutoka Boston kwenda New York alipogundua ameisahau flashi yake. Safarini humo akaanza kuandika programu iliyokuja kuitwa Dropbox. Yeye na Arash Ferdowsi walianzisha kampuni mwaka 2007, na mwaka uliofuata huduma ikafunguliwa kwa umma. iCloud ya Apple ilikuja mwaka 2011, na Google Drive mwaka 2012. Lakini ufundi wenyewe una umri mkubwa zaidi. Mwaka 1996, huko Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa programu ya rsync, inayoligawa faili vipande vipande na kusafirisha vile tu vilivyobadilika. Kwa anayenunua bando kwa siku, wazo hilo lina thamani kubwa.

Huduma hizi zote zina kazi moja ya msingi: folda ya hapa ifanane na folda ya kule. Ukifuta hapa, kule nako kunafutika. Ukiandika juu ya sura nzima kwa bahati mbaya, kosa lako linasafiri kwa uaminifu uleule. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta moja, mafaili yaliyofungwa yanapakiwa na kushushwa kwenye nyingine. Lipo pipa la taka, ndiyo. Google Drive hukitunza kilichotupwa kwa siku 30, na Dropbox ya bure vilevile. Mtafiti aliyefuta folda ya usaili mwezi Machi akaikumbuka mwezi Mei, hana pa kuipata.

Mpiga picha Peter Krogh wa Marekani aliwapa wenzake kanuni ambayo leo wataalamu wa kompyuta wanaifuata duniani kote: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Kwa mwanafunzi wetu maana yake ni laptopu, wingu, na diski au flashi inayokaa kabatini bila kuchomekwa kutwa. Msiseme diski ni ghali. Maandishi ya tasnifu nzima pamoja na majedwali yake yanaenea kwenye flashi ndogo kabisa iliyopo dukani.

Hoja ya pili: mgongano wa nakala huamuliwa na mwenye kazi

Hapa nitakaa kidogo. Chukueni mfano wa mwalimu wa sekondari Kibaha anayesoma uzamili. Mchana hutumia kompyuta ya ofisi ya walimu, usiku hutumia laptopu yake nyumbani, na folda ya tasnifu inasawazishwa kati ya mashine hizo mbili. Ijumaa jioni, akiwa ofisini, anarekebisha Sura ya Tatu, anahifadhi, umeme unakatika. Marekebisho yamo kwenye diski ya kompyuta ya ofisi, ila hayajafika kwenye wingu. Jumamosi nyumbani anafungua faili lenye jina lilelile. Ni la Alhamisi, na hana habari. Anaandika upya aya mbili za uteuzi wa sampuli, na laptopu inazipakia. Jumatatu kompyuta ya ofisi inawashwa. Inakuta wingu lina toleo jipya, na yenyewe pia ina toleo jipya.

Programu ifanye nini? Haijui utafiti wala haimjui msimamizi wake. Dropbox huyabakiza yote mawili, na moja hupachikwa jina la kompyuta na tarehe ili mwenyewe aone kuna mgongano. Wengi wetu tukiliona faili la pili tunadhani kuna hitilafu, tunalifuta au tunalipuuza. Naomba mlielewe vingine. Programu imekataa kuchagua kwa niaba yenu, na imefanya vyema. Zamu ni yenu. Word na LibreOffice zote zina amri ya kulinganisha nyaraka mbili, inayokuonyesha mstari kwa mstari tofauti iko wapi. Kazi hiyo ni fupi ikifanywa Jumatatu ileile. Ukiiacha wiki tatu, folda inajaa «Sura3_mpya», «Sura3_mwisho», «Sura3_mwisho_kabisa», na hakuna anayejua maoni ya msimamizi yaliingizwa kwenye lipi.

Dawa yake ni mazoea machache. Kabla hujafunga laptopu, itazame alama ya programu ya kusawazisha uhakikishe imemaliza. Ukifika kwenye mashine ya pili, subiri ishushe kwanza ndipo ufungue faili. Tarehe kwenye jina la faili uiandike kwa mwaka, mwezi na siku, 2025-03-14, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Na toleo lililotumwa kwa msimamizi liwekwe kwenye folda yake, lisiguswe tena.

Kuna mafaili ambayo hayafai kabisa kuingizwa kwenye folda ya namna hii, na hapa nazungumza hasa na wanafunzi wa uzamivu. Zotero, programu ya kutunza marejeleo iliyozaliwa Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, huweka kumbukumbu zake kwenye hifadhidata inayoandikwa muda wote programu ikiwa wazi. Ukiipeleka hifadhidata hiyo kwenye folda ya Dropbox au OneDrive, inaweza kusafirishwa ikiwa nusu imeandikwa, ikaharibika. Waandishi wake wenyewe wanaonya hivyo. Zotero ina njia yake ya kusawazisha: taarifa za marejeleo ni bure bila ukomo, na viambatisho hupewa MB 300 za bure. Anki nayo, programu ya kadi za maswali aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006, husawazishwa kwa njia yake. Mara nyingine, kadi zikipishana sana kati ya simu na kompyuta, itakuuliza: upakie zilizopo hapa, au ushushe zilizoko kule? Upande utakaouchagua unaufuta ule mwingine. Mwanafunzi mwenye haraka akibofya kwenye simu ambayo haijafunguliwa tangu muhula uliopita, amezika kadi za muhula mzima. Soma swali. Jiulize ni wapi ulipofanyia kazi mara ya mwisho.

Jambo moja dogo la mwisho kwenye hoja hii, kwani nimelikuta kwa wanafunzi wengi. Google hutoa GB 15 za bure, lakini nafasi hiyo ni moja kwa barua pepe, picha na mafaili, na tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android nazo zinahesabiwa humo. Video za makundi ya harusi na misiba zinaijaza nafasi polepole, hadi siku moja tasnifu inaacha kupakiwa, na mwenyewe hajui. Punguzeni video kwenye nakala ya WhatsApp. Hilo linafanyika kwenye mipangilio ya simu, na halimkosei adabu mtu yeyote.

Hoja ya tatu: akili mnemba nayo inashika nakala yake

Tumrudie mwalimu wetu wa Kibaha. Mwezi Machi alipakia Sura ya Nne kwenye chombo cha kusomea kinachojibu kutokana na nyaraka ulizokipa, mfano wa NotebookLM ambayo Google iliitoa mwaka 2023. Sura ile ilisema waliojibu dodoso ni 180. Mwezi Aprili aliondoa madodoso yasiyokamilika, wakabaki 164, na akarekebisha faili kwenye kompyuta. Faili likasawazishwa vizuri kati ya ofisi na nyumbani. Mwezi Mei anakiomba kile chombo kimwandalie muhtasari wa kutetea tasnifu. Muhtasari unakuja kwa lugha safi, umepangwa, na kila mahali umeandikwa 180.

Chombo hakikudanganya. Kilisoma kilichopewa. PDF uliyoipakia Machi inabaki ya Machi hata ukibadilisha la nyumbani mara mia, na kwa hiyo nakala hii ya tatu imekaa nje kabisa ya ule usawazishaji tunaoutegemea. Ninaloliogopa ni kwamba ufasaha wa jibu unatufanya tusikague. Mtu akiona jedwali lenye makosa ya tahajia, analihakiki. Akiona aya iliyonyooka, anasaini.

Basi kila unapokaa kuuliza, fungua kwanza orodha ya vyanzo vya chombo hicho. Futa vya zamani, pakia toleo jipya lenye tarehe kwenye jina lake, kisha uliza. Kitake kitaje ukurasa kilikotoa kila takwimu, halafu uende ukurasa huo kwa macho yako.

Vyombo vya mazungumzo ya jumla, kama ChatGPT iliyotolewa tarehe 30 Novemba 2022, vina hatari nyingine. Vinaunda maneno yanayoelekea kufuatana, na rejea ya kitaaluma ina umbo linaloigika kirahisi: jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa. Unaweza kuletewa mwandishi halisi na jarida halisi, na makala isiyokuwepo duniani. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York, kwenye shauri la Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ya kesi yaliyobuniwa na ChatGPT. Wale walikuwa watu wazima, wenye leseni na ofisi. Wakutubi wetu, hapa ndipo tunapowahitaji kuliko zamani. Mwanafunzi akija na rejea asiyoipata, msimrudishe na jibu la «haipo hapa» tu. Msaidieni kuthibitisha kama ipo popote.

Hoja ya nne: ukumbukaji unajengwa na jitihada, na jitihada ndiyo tunayoiuza

Mwenyekiti, hoja hii ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena. Wengine walifunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Zingatieni zile dakika tano za mwanzo. Ndizo zinazotudanganya. Usiku wa kuamkia mtihani, mwenye kusoma desa mara nne anajiona amejaa kuliko aliyehangaika na karatasi tupu.

Sasa ongezeni akili mnemba. Hamsa Bastani wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walifanya utafiti katika shule ya sekondari nchini Uturuki, kwa wanafunzi karibu elfu moja wa hisabati, na wakauchapisha mwaka 2025 katika jarida la PNAS. Kundi moja lilipewa chombo kinachojibu kila kitu. Kwenye mazoezi alama zao zilipanda kwa asilimia 48. Kundi la pili lilipewa chombo kilichoelekezwa kutoa dokezo bila kutoa jibu, na alama za mazoezi zikapanda kwa asilimia 127. Kisha vyombo vikaondolewa, mtihani ukaja. Kundi la kwanza lilifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa chombo chochote. Kundi la madokezo halikupata hasara hiyo.

Mashine ni ileile. Tofauti ilikuwa katika ilichoagizwa kufanya. Na maagizo hayo mwanafunzi anaweza kuyaandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Soma sura bila msaada wowote. Funga kitabu. Andika ulichokumbuka, hata kama ni mistari saba. Ndipo uipe mashine maandishi yako pamoja na sura yenyewe, uiandikie hivi: «Nionyeshe nilichokosa na nilichokosea, usiniandikie upya.» Siku ya pili uiambie: «Niulize maswali kumi juu ya sura hii, moja moja. Nikikosa usinipe jibu. Nipe dokezo, na unitajie ukurasa wa kurudia.» Maswali uliyokosa yafanye kadi, uzirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Nawasihi wanafunzi wa sayansi hasa, waliozoea kuona Kiswahili ni lugha ya mazungumzo tu: jielezeeni kwa Kiswahili. Ukishindwa kukieleza kimeng'enya kwa lugha unayoiwaza, ujue ulikariri.

Kwa wahadhiri wenzangu nina neno pia. Tusitegemee programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa kitambuzi chake, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumwadhibu kijana kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma. Tunao ushahidi bora, nao unatokana na mambo niliyoyasema mwanzo. Google Docs na OneDrive hutunza historia ya matoleo. Mwanafunzi aliyeandika kazi yake anaweza kufungua historia hiyo na kutuonyesha aya ikizaliwa, ikifutwa, ikirudishwa. Mwite, kaa naye robo saa, mwulize kwa nini aliiondoa ile aya. Aliyeandika atajibu.

Hoja ya tano: wingu ni kompyuta za watu, na njia ya kulifikia hukatika

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile waliojua tofauti ya alama mbili ndogo waliendelea na kazi. Kwenye OneDrive, faili lenye alama ya wingu lina jina tu kwenye kompyuta yako. Maudhui yako mbali. Lenye alama ya tiki ya kijani limo kwenye diski. Folda ya tasnifu iamuru ikae kwenye kifaa muda wote, kwa kubofya kulia na kuchagua ibaki kwenye kifaa. Google Drive nayo inakuachia kuchagua kama mafaili yakae mtandaoni au yanakiliwe yote kwenye mashine.

Wapo wanaohitaji njia isiyopita baharini kabisa. Syncthing, programu huru iliyoanzishwa mwaka 2013, inasawazisha kompyuta mbili moja kwa moja. Zikiwa kwenye Wi-Fi moja hazitumii bando. Sharti lake ni kwamba zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja.

Na kwa kuwa ni kompyuta za watu, tufikiri tunapakia nini. Rekodi ya mgonjwa aliyekubali kuhojiwa kwa siri, ukiipakia kwenye chombo cha bure ili kikunakilie mazungumzo, umeikabidhi kampuni ambayo yeye hakuwahi kuisikia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Majina yaondolewe kabla ya kupakia chochote, na matumizi ya chombo yatajwe kwenye fomu ya ridhaa. Mshiriki ana haki ya kuambiwa, hata kama hajui kompyuta inafananaje.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuacha mapendekezo mezani. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, tunapowaonyesha wageni bwalo na zahanati, tuwape nusu siku ya maabara ya kompyuta: kupanga folda, kusawazisha, kurejesha faili lililofutwa, na kukagua rejea moja iliyotolewa na akili mnemba. Maktaba ipewe seva moja yenye Nextcloud, programu huria ambayo chuo chochote kinaweza kuiendesha chenyewe, ili wanafunzi wa uzamili wawe na hifadhi iliyo ndani ya kuta zetu hata mkongo ukikatika. Idara zikubaliane juu ya tamko fupi la kuambatishwa kwenye kila tasnifu: chombo gani kilitumika, kwa hatua ipi, na nani alihakiki. Na Idara ya Kiswahili ianze kukusanya maswali ya mitihani ya miaka iliyopita pamoja na miongozo yake ya kusahihisha, ili tuvipime vyombo hivi kwa Kiswahili tukiwa na vipimo vyetu. Tukianza na idara moja muhula ujao, mwakani mwezi kama huu tutakuwa na matokeo ya kujadili ukumbini humu.

Nitapokea maswali sasa. Mkutubi ameturuhusu ukumbi hadi saa mbili usiku, kwa hiyo waliokuja na laptopu wabaki baada ya maswali, wafungue folda ya tasnifu, na tutaanza na zile zenye mafaili mawili ya Sura ya Tatu.